Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mtakumbuka mkutano mkuu uliopita nusura uvunjike kwa neno moja: guni, yaani shairi lililovunja kanuni za vina na mizani. Kijana wetu alighani shairi lisilo na vina, wazee wa Mikindani wakasema hilo si shairi. Ndipo kamati ikaamua mwaka huu wote tumsome Euphrase Kezilahabi, aliyeubeba ugomvi huo kabla yetu.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe, akasoma seminari ya Nyegezi, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya yake Rosa Mistika ya 1971 ilipigwa marufuku shuleni. Mwaka 1974 akatoa Kichomi, diwani iliyoacha vina na mizani ikashika lugha ya mazungumzo ya kila siku. Nasi tuliolelewa na tarbia, ubeti wa mishororo minne, mizani (silabi) nane kwa nane, tunajua hilo lilikuwa tusi kiasi gani. Wanamapokeo walimshambulia kwa miaka. Hakurudi nyuma: Karibu Ndani ikatoka 1988, Dhifa 2008. Alifariki Januari 2020, na leo mashairi huru yanafundishwa sekondari sambamba na ya kimapokeo.

Kikao ambacho sitakisahau ni cha Julai, pale Shangani. Binti yetu anayebangua korosho alisoma "Kisu Mkononi" la Kezilahabi, polepole, vidole vyake vingali vyeusi kwa mafuta ya maganda. Mzee wetu mlezi alikuwa akihesabu mizani gotini kama kawaida yake. Katikati ya shairi kidole kikasimama. Alipomaliza, mzee akamwambia, "Rudia, mwanangu." Bado analiita guni, na ni haki yake, lakini siku ile alikiri lina pumzi.

Mimi natunga kwa vina na nitaendelea. Ila baada ya kikao kile nilirudi kwenye daftari langu nikakuta beti nyingi ambazo kina kilinichagulia la kusema. Nimezifuta. Vijana nao wamejifunza kwamba ukiacha mizani, kila neno linabaki uchi na lazima lijitetee; wawili wamerudisha mashairi yao nyumbani kuyaandika upya.

Mengine kwa ufupi. Ukumbi tuliokuwa tukipewa bure tulinyimwa Septemba, baada ya kusomwa shairi la malipo ya korosho. Iliniuma, lakini sikumtaka mtunzi aombe radhi, wala sitamtaka. Sasa tunakutana barazani kwa Katibu. Msimu wa korosho ulipofunguliwa Oktoba mahudhurio yalishuka, kama kila mwaka. Hesabu atazisoma Mweka Hazina.

Mwakani kamati inapendekeza tusome Karibu Ndani. Nakala yetu moja ya Kichomi, ile iliyoshonwa uzi mgongoni, iko kwa Katibu. Anayeitaka aandike jina daftarini, airudishe kabla ya kikao cha Februari, maana wapo wanaoisubiri.

Mwenyekiti,
Mtwara