Kozi za Kiingereza cha juu zianzie kwenye maneno ya mwanafunzi

Mhariri,

Kozi nyingi zinazotangazwa kuwa za Kiingereza cha juu kwa watu wazima huanza upya na jedwali la nyakati za vitenzi. Wiki ya kwanza wakati uliopo, ya pili hali timilifu, ya tatu sentensi za masharti. Mwanafunzi alikwisha kuyasoma hayo zaidi ya mara moja, na zoezi la kujaza nafasi analipata lote. Hata hivyo barua pepe zake za kazini zinasomeka kama amri, na kikaoni mada hubadilika kabla hajamaliza kuiunda sentensi yake. Naomba nafasi nieleze tunakokosea sisi walimu.

Kwa vipimo vya Baraza la Ulaya vilivyotolewa mwaka 2001, ambavyo huanzia A1, ngazi ya anayeanza, hadi C2, ngazi ya juu kabisa, wengi wa wanafunzi hawa wamekwama B2, ngazi ya nne kati ya sita. Wanaeleweka, na shida inaanzia hapo. Kosa lisilozuia maelewano halimsumbui msikilizaji, kwa hiyo hakuna anayelisahihisha, nalo linaota mizizi. Mwanaisimu Larry Selinker aliandika juu ya makosa ya namna hii, yanayoganda katika lugha ya mwanafunzi, mwaka 1972. Kumfundisha tena kanuni mtu wa aina hii hakusaidii, maana kanuni anayo. Muulize kuhusu "discuss about", atakwambia "about" haitakiwi pale. Dakika mbili baadaye, mjadala ukipamba moto, ataisema.

Ndiyo maana nasema somo lijengwe juu ya maneno yaliyotoka kwa mwanafunzi mwenyewe. Siku ya kwanza mwalimu achukue vitu viwili: andiko la maneno 200 hivi kuhusu kazi anayoifanya mwanafunzi, na sauti yake iliyorekodiwa akieleza jambo kwa dakika 2. Mtaala umo humo. Avihifadhi, kisha baada ya wiki 10 ampe kazi zile zile na kulinganisha: makosa mangapi kwa kila maneno 100, maneno mangapi kwa dakika, na anakwama wapi. Pasipo kipimo hicho, mwanafunzi na mwalimu wote wanabaki kukisia.

Katika uandishi, njia ninayoiamini kuliko zote ni ya kuandika upya. Mwalimu hajazi karatasi wino mwekundu. Anachagua aya moja na kuiandika kama mjuzi wa lugha angeiandika, akiacha hoja zote zilivyo. Mwanafunzi anaziweka aya mbili sambamba, anapigia mstari kila palipobadilika, na kumweleza mwenzake kwa sauti sababu ya badiliko hilo. Asipoijua sababu, hapo ndipo mwalimu anafundisha. Kisha aya ya mwalimu inafichwa, na kipindi kinachofuata mwanafunzi anaiandika upya aya yake kwa kumbukumbu. Njia hii huharibika kwa namna mbili. Mwalimu akipamba kupita kiasi, aya inakuwa yake na mwanafunzi haoni tena uhusiano wake na ile aliyoiandika. Na hatua ya kuficha ikirukwa, kinachofanyika ni kunakili. Tena, makosa ya kushughulikiwa kwa andiko moja yasizidi aina tatu au nne; mtu mzima akirudishiwa alama 40 anaangalia maksi na kuikunja karatasi.

Msamiati unahitaji maelezo marefu zaidi. Hesabu za mwaka 2006 za Paul Nation, mtafiti wa msamiati, zinaonyesha kwamba ili msomaji ajue maneno 98 katika kila 100 ya maandishi ya kawaida, anahitaji koo za maneno 8,000 hadi 9,000, yaani neno pamoja na vinyambuo vyake. Walimu wengi wakisikia hivyo hukimbilia orodha ndefu za visawe. Ni njia mbaya. Kwa mtu wa B2, udhaifu mkubwa zaidi uko katika maneno anayoyajua tayari ila hajui yanaandamana na yapi. Anajua "deadline", lakini hana "meet" wala "miss" ya kuiambatanisha nayo. Anajua "cause", akaandika "cause improvement", hali kitenzi hicho kwa kawaida huandamana na mabaya: hasara, uharibifu, maumivu. Penye jema Waingereza husema "lead to" au "bring about". Kamusi ndogo haimwambii hayo. Kamusi za wanafunzi zenye mifano humwambia.

Kwa hiyo daftari lisiwe na neno pekee mbele ya maana yake. Liwe na kifungu kizima, kilichochotwa katika matini aliyoisoma, na chini yake sentensi moja ya kweli kuhusu kazi yake. Vifungu 8 hadi 10 kwa kipindi vinatosha. Avirudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, wiki, na wiki tatu, kila mara akifunika ukurasa na kujaribu kukumbuka. Kusoma tena kwa macho kunampa mtu hisia ya kujua, ambayo inamtoka siku ya kuzungumza. Anayejiandaa kwa masomo ya chuo atumie orodha ya maneno ya kitaaluma ya mtafiti Averil Coxhead ya mwaka 2000: koo 570 zinazobeba takriban asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Nahau za kuchekesha kama "it's raining cats and dogs" (mvua kubwa inanyesha) ziachwe, wenye lugha wenyewe hawazisemi sana.

Jambo linalowagharimu watu wazima kazini kuliko sarufi ni adabu ya lugha. "I want you to send the report" haina kosa hata moja la sarufi, na inaudhi. "I was wondering whether you could…" ina wakati uliopita usiohusu wakati uliopita hata kidogo. Kazi yake ni kulegeza ombi. Vivyo hivyo kujibu swali kwa "of course" pale panapohitajika "yes" tu kunaweza kumfanya muulizaji ajione mjinga. Katika ripoti, "this proves" inamfunga mwandishi kwa madai asiyoweza kuyatetea, ambapo "this suggests" ingemtosha. Haya yafundishwe waziwazi, kwa kuchukua barua moja na kuiandika mara tatu: kwa mkuu wa kazi, kwa mwenzake, na kwa mteja aliyekasirika.

Kwa mazungumzo, kuna zoezi la 4/3/2: mwanafunzi anaeleza jambo kwa dakika 4, kisha lile lile kwa msikilizaji mwingine kwa dakika 3, kisha kwa wa tatu kwa dakika 2. Kasi inapanda na kusitasita kunapungua. Hatari yake ni kwamba chini ya shinikizo la saa mtu hurudia makosa yale yale, sasa kwa haraka zaidi. Dawa ni kusimama baada ya duru ya kwanza, kuandika ubaoni mambo matatu ya kurekebisha, ndipo duru ya pili ianze.

Usikilizaji nitaugusa tu. Mtu wa B2 hapotezwi na maneno magumu, anapotezwa na madogo yanayomezwa. "Could have been" hutamkwa karibu kama neno moja. Sekunde 30 za sauti, zikiandikwa neno kwa neno na kulinganishwa na maandishi halisi, humfaa kuliko saa nzima ya kusikiliza kijumlajumla.

Na usahihishaji wa mdomo? Walimu wengi hurudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa imenyooshwa, kwa upole, bila kusema kitu. Mwanafunzi hudhani anakubaliwa, akaendelea. Afadhali mwalimu anyamaze, aandike sentensi sita alizosikia, baadhi zikiwa sahihi, na mwishoni darasa liamue zipi ni zipi, bila kutaja wenyewe. Mtu mzima anaweza kuwa ameketi karibu na aliye chini yake kazini, na heshima yake ikivunjwa mara moja hafungui tena mdomo.

Mwisho ni saa. Cambridge, watungaji wa mitihani ya Kiingereza, wanakadiria saa 500 hadi 600 za kufundishwa tangu mwanzo hadi B2, na 700 hadi 800 hadi C1, ngazi inayofuata. Tofauti ni saa 200 hivi. Kozi ya saa 30 inayoahidi kumpandisha mtu ngazi nzima inamdanganya. Saa 30 zinatosha kuondoa makosa machache sugu na kumfundisha kujisahihisha, na hiyo ni ahadi ya kweli. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, mwombaji aulize: maandishi yangu mtayasoma mara ngapi, na nitayaandika upya lini?

Mwalimu wa Kiingereza kwa watu wazima