Mheshimiwa Waziri, tuhesabieni kanda za TVZ, Televisheni ya Zanzibar

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Habari, Vijana, Utamaduni na Michezo,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaamu alaykum.

Mheshimiwa, nianze na mistari ya rangi. Mtaani kwetu Ng'ambo televisheni ilikuwa moja, nyumbani kwa mzee mmoja aliyekuwa baharia. Watoto tulikuwa tukienda mapema, matangazo hayajaanza. Sharti la bibi mwenye nyumba lilikuwa miguu ioshwe, viatu vibaki mlangoni, na asiwepo wa kukigusa kioo. Basi tukikaa juu ya mkeka tukiitazama ile mistari iliyosimama: mweupe, wa manjano, wa samawati, wa kijani, hadi buluu ya mwisho. Nusu saa nzima, kimya, kama inatusimulia hadithi. Tulidhani dunia yote ina hivyo.

Kumbe haikuwa na rangi hizo. Kenya walianza televisheni 1962 na Uganda 1963, lakini picha zao zilikuwa nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, pamoja na dhahabu yake yote, wananchi wake hawakuwa na televisheni ya taifa mpaka Januari 1976. Bara, Mwalimu Nyerere aliiona ni anasa ambayo nchi maskini inaweza kuisubiri, na kusubiri huko kukaendelea mpaka 1994. Katikati ya hayo yote, visiwa vyetu vya karafuu vikawa vya kwanza kusini mwa Sahara kurusha picha za rangi. Ndugu zetu wa pwani ya Dar es Salaam wenye uwezo wa kununua seti walikuwa wakipandisha antena juu ya miti mirefu ili wainase TVZ kutoka ng'ambo ya bahari. Siku hizi wao ndio wanaotuonyesha sisi tamthilia, nasi tunanunua ving'amuzi. Haya, ndiyo dunia.

Lakini muulize mtu, Mheshimiwa, TVZ ilianza lini hasa. Mmoja atakwambia 1973. Mwengine atakwambia Januari 1974, kwenye sherehe za miaka 10 ya Mapinduzi, enzi za Rais wetu, Mzee Jumbe. Huenda wote wawili wana haki: mmoja anahesabu kuanzishwa, mwengine anahesabu kuzinduliwa. Rais wetu wa kwanza, Mzee Karume, alifariki Aprili 1972, hakuiona ikiwaka. Jambo kubwa kama hili halifai kubaki la kubishania barazani kwenye kahawa, na wapo wazee waliokuwa ndani ya studio siku ile ambao bado wanaweza kulimaliza kwa dakika tano. Waliobeba kamera, waliovuta nyaya, waliopanda mnara. Kila mwaka tunawasindikiza makaburini wawili watatu.

Nimesukumwa kuandika na kanda moja ya harusi. Ni kanda ya video, VHS, ya mwaka 1989, ilikuwa sandukuni kwa dada yangu, chini ya kanga. Mwezi uliopita tulipoifungua, utepe wake ulikuwa umeota ukungu mweupe, kama mtu aliyeunyunyizia unga wa muhogo. Fundi mmoja hapa mjini aliusafisha taratibu kwa pamba na spiriti, akautia kwenye mashine yake ya zamani, na ikatoka picha ya dakika nne. Katika dakika ya tatu marehemu baba anapita na sinia la halua, anaitazama kamera, anacheka. Kisha kioo kikawa mvua tupu, na fundi akautoa utepe haraka kwa sababu ulikuwa umeanza kunata kwenye kichwa cha mashine.

Yule fundi alinieleza kitu ambacho nimekuwa nikikiwaza tangu siku ile. Kanda si santuri. Santuri za Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, zilirekodiwa Bombay 1928, na mpaka leo ukiipata moja isiyovunjika utamsikia, kwa sababu sauti imechorwa ndani ya santuri yenyewe. Kanda ni plastiki iliyopakwa unga wa chuma kwa gundi. Gundi hiyo inanyonya unyevu wa hewa, inalainika, na picha inabanduka nayo. Na Mheshimiwa unaujua unyevu wa Unguja, chumvi yenyewe haikai kavu mezani. Juu ya hapo, mashine za kuchezea kanda za zamani hazitengenezwi tena. Mwaka 2019 UNESCO na wahifadhi wa sauti na picha walitoa tahadhari kwa dunia nzima kwamba kilichobaki kwenye kanda za sumaku bila kunakiliwa kufika 2025 kinaweza kupotea moja kwa moja.

TVZ na Sauti ya Tanzania Zanzibar ziliunganishwa 2013, zikawa Shirika la Utangazaji Zanzibar. Ninaloomba kwanza ni dogo, wala halihitaji mfadhili: orodha. Kila kanda ya zama za TVZ ihesabiwe, iandikwe ina nini na ya mwaka gani, na orodha hiyo ibandikwe mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuisoma. Kunakili kufuate, kuanzie kwenye zilizo hoi, na nakala moja ipelekwe kwenye hifadhi ya Nyaraka kule Kilimani, ikae na karatasi za masultani. Na wale wazee wa mwanzo waitwe, wapewe chai, warekodiwe. Studio ni yetu, kamera ni zetu.

Mimi mwenyewe ninazo kanda mbili nilizonasa kutoka TVZ sikukuu ya Idd ya 1991, taarabu ya usiku, pamoja na mtangazaji akitutakia mkono wa Idd. Sijazigusa, naogopa. Mheshimiwa akiniambia mlango wa kugonga, nitazileta kwa mkono wangu, zimefungwa kwenye mfuko mkavu wa mchele.

Wako mtiifu,
Mtoto wa Ng'ambo, Unguja