Nyumba za Gede zilikaliwa na watu, si majini

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu nikiwa kijana wa kubeba karai, na sijawahi kuwaandikia. Leo naandika kwa sababu ya ile ripoti yenu kuhusu magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, pwani ya Kenya, mliyoipa kurasa mbili za katikati. Mwandishi wenu amejaza safu kwa majini, mizimu na mji uliotoweka ghafla bila sababu, akaweka picha ya lango la jumba la mtawala na nyingine ya msikiti mkuu, basi. Nyumba za watu zilizosongamana ubavuni mwa jumba hilo hazikupata hata sentensi moja.

Hizo nyumba ndizo habari yenyewe. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuzifukua mwaka 1948, akazipa majina ya vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Majina hayo yanatumika mpaka leo. Ukiingia unapita uani, kisha unakuta chumba kirefu chembamba, nyuma yake vyumba vya kulala, na pembeni choo chenye tundu lake na mahali pa kutawazia. Kuna ghala zisizo na mlango, mtu alipanda akapenyea kwenye tundu lililo juu ukutani. Vyumba ni vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki mbali. Mtu wa Lamu akiingia humo hahitaji kuonyeshwa pa kuketi. Kiwanda, yaani ua, anakijua, msana, kile chumba kirefu, anaujua, ndani, kwenye vyumba vya kulala, anakujua, maana amezaliwa katika nyumba ya mpango wa namna hiyo hiyo. Mwandishi wenu alipita hapo akaona majini?

Hata huko kutoweka kwenyewe si kwa ghafla. Waliouchunguza mji huo wamezungumzia visima vilivyobidi kuchimbwa zaidi maji yaliposhuka, wametaja Wazimba, wapiganaji kutoka kusini, walioivamia pwani mwaka 1589, wametaja kuja kwa Waoromo kutoka kaskazini. Watu walipungua, mji ukadhoofika, waliobaki wakahama. Ni habari inayoeleweka, na inasikitisha kuliko hadithi ya majini.

Kilichoniudhi zaidi ni kurudia kwamba mji ule ulijengwa na wageni. Hayo ndiyo yaliyoaminiwa zamani, Kirkman akiwa kazini. Baadaye mwanaakiolojia Mark Horton alifukua Shanga, mji mwingine wa kale kisiwani Pate, miaka ya 1980, akashuka tabaka baada ya tabaka: nyumba za mawe juu, na chini yake, mahali pale pale, alama za nguzo za miti na kuta za udongo za karne nyingi kabla. Watu ni wale wale, walianza na udongo wakafika kwenye mawe. Gede kwenyewe wengi walikaa kwenye nyumba za udongo na makuti ambazo hazionekani tena, ndiyo maana mgeni hudhani palikaa matajiri peke yao. Tangu Julai 2024 mji huo umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na bado gazeti la nchi yake linaandika kana kwamba hakuna aliyewahi kushika sururu pale.

Madhara ya habari za namna hii nimeyaona kwa macho yangu. Jirani alikuwa akichimbiwa shimo la maji taka, vibarua wakagonga ukuta. Niliitwa kwa kuwa mimi ni mwashi, kazi niliyoifanya hadi magoti yalipokataa. Nikashuka shimoni. Ilikuwa kona ya chumba: mawe ya matumbawe, lipu ya chokaa bado imeshika, sakafu ya chokaa iliyopigwa ikashikana, na kidaka kimoja kizima ukutani ambapo mtu aliweka taa yake au msahafu wake. Kwenye kifusi mlikuwa na vigae vya vyungu vyetu vya udongo na kipande cha bakuli la kijani la ng'ambo. Nikamwomba kontrakta asimamishe kazi. Akasimamisha mpaka adhuhuri. Nikapiga simu ofisi inayohusika, nikaambiwa niandike barua na niambatanishe ramani ya kiwanja. Ramani ya kiwanja cha mtu mwingine! Nikasema njooni mtazame tu, ni mwendo mfupi, nikaambiwa hakuna gari. Niliporudi shimoni kontrakta alinijibu kwamba hayo ni mawe ya Waarabu, wenyewe walishahama, na majini hayalipi vibarua. Kufikia magharibi ukuta ulikuwa umepondwa kwa nyundo na kumwagwa barabarani kuziba mashimo. Sheria yetu ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa. Nilitoa taarifa. Ukuta uliosimama chini ya ardhi kwa karne kadhaa haukumaliza siku moja juu yake. Na yule kontrakta hakuyatunga maneno yale, ndiyo anayosomewa kila mwaka na magazeti, lenu likiwemo.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, niseme la saruji. Nyumba za kale zinazokaliwa hadi leo, Mji wa Kale wa Mombasa na kwingineko, zinazibwa nyufa kwa saruji na watu wanaojiita mafundi. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unyevu na chumvi huingia na kutoka. Ukiupaka saruji, chumvi inabaki ndani na kulila jiwe, na baada ya misimu michache lipu inadondoka pamoja na uso wa ukuta. Chokaa bado inachomwa, wapo wanaojua kuilaza mpaka ikomae, lakini kazi wanapewa wenye mifuko ya saruji kwa sababu inakauka kesho yake. Mnaripoti ghorofa ya kale ikianguka. Hamjawahi kuuliza ilikarabatiwa kwa kitu gani.

Ninachotaka ni hiki. Kwanza, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, shimo lolote litakalopita kina cha kiuno lisichimbwe kabla ya mtu wa makavazi kusimama hapo siku ya kwanza, na posho yake itoke kwenye ada ile ile ambayo kaunti inatutoza kupitisha ramani za ujenzi. Pili, chapisheni ramani ya Nyumba ya Mkasi, ukurasa mzima, kila chumba kiandikwe kazi yake kwa Kiswahili, mtoto aifuate kwa kidole kutoka uani hadi chooni. Mwandishi wenu arudishwe Gede akaifanye kazi hiyo, afuatane na mwashi wa Lamu anayejua chokaa. Akikosekana wa Lamu nitakwenda mimi, Jumamosi yoyote, na futi yangu ya kupimia. Nauli nitajilipia.

Mwashi mstaafu,
Malindi