Bima ipo, familia ya majeruhi haiambiwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie habari yenu kuhusu ajali za baiskeli. Mume wangu husambaza mikate kwa baiskeli. Miezi mitatu iliyopita gari lilimsukumia mtaroni, akavunjika mguu. Mtoto wetu wa miezi tisa hulipanda hogo (plasta ya mguu) la baba yake akidhani ni mchezo, nami alfajiri nakaanga maandazi ili kodi ipatikane.

Kituoni tulipewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, akatibiwa. Hakuna aliyetuambia kwamba kisheria kila gari barabarani lazima liwe na bima, angalau ile ndogo ya mtu wa tatu, na kwamba mtu wa tatu anayelipwa fidia ndiye huyo aliyelala kitandani. Nilikuja kuambiwa na abiria mwenzangu ndani ya daladala, na wakati huo cherehani yangu nimeshaiuza.

Naomba askari wa usalama barabarani, wanapotoa PF3, wawaandikie ndugu wa majeruhi namba ya gari na jina la kampuni ya bima. Ni mistari miwili tu. Hospitali nazo zibandike utaratibu wa kudai fidia kwenye wodi za mifupa, kwa Kiswahili cha kueleweka.

Mama wa mtoto mmoja,
Morogoro