Rashidi, usingoje hasira zipoe

Mombasa, Jumapili usiku

Kwako Rashidi,

Ama baada ya salamu, sisi hatujambo, ila mama kila siku aulizia mbavu zako. Asema usijitie uanaume, urudi hospitali.

Umeniuliza kama kuwashtaki polisi kwa kukupiga na kukufungia ni kupoteza wakati. Kesi yangu ilikula miaka sita, na bado nakwambia fungua. Lakini anza sasa hivi. Madai ya namna hii dhidi ya serikali yana miezi 12 tu, si ile miaka mitatu ya watu waliogongana magari. Wenzangu wawili wa seli moja walimwendea wakili mwaka wa pili, muda wao umeshapita. Akawakaribisha chai, akawaambia labda wajaribu ombi la kikatiba.

Kinachonipa moyo ni siku zako. Walikushika Ijumaa magharibi. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na zikiishia siku isiyo ya mahakama, basi siku ya mahakama inayofuata. Kwako ilikuwa Jumatatu. Wewe ukatoka Jumatano, bila shtaka, bila viatu! Kesho kachukue nambari ya OB, lile daftari la matukio la kituoni, kama waliandika. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikiwa majeraha, iombe kituo kingine, usirudi kwa wale wale, na daktari aijaze kabla alama hazijapotea. Mimi nilichelewa. Hakimu alinipa fidia ya kufungiwa, kile kipigo akasema hakina ushahidi.

Najua unamtaka yule sajini. Mtaje, lakini atakayesimama kujibu ni Mwanasheria Mkuu, na pesa zitatoka serikalini, yaani kwangu na kwako tukinunua sukari. Yaudhi, lakini mshahara wa sajini ungekulipa lini?

Sasa sikiza jambo ambalo mimi sikuambiwa mapema. Nilishinda mwaka wa tatu, tukapika biriani, majirani wakala. Pesa nikazingoja miaka mitatu mingine. Mtu wa kawaida akishindwa kesi asilipe, dalali wa mahakama huja akabeba friji. Kwa polisi hilo halipo, sheria hairuhusu kukamata mali ya serikali. Land Cruiser lile lile lililonibeba likawa lapita mbele ya duka langu, nami nina hukumu mfukoni. Unachukua cheti cha amri mahakamani, yaani karatasi ya kuonyesha serikali yadaiwa kiasi gani, unawapelekea, unangoja, wakinyamaza unarudi tena kortini kuomba katibu wa wizara aamrishwe kulipa. Hapo ndipo walipolipa.

Jumanne nitakuwa mjini tangu saa tatu, nikupeleke kwa wakili wangu. Njoo na karatasi za hospitali. Usiku huu andika kila kitu kwa tarehe na saa, ungali wakumbuka. Na vile viatu pia viandike, na bei yake.

Wasalaam,
Nduguyo Salim