Milango miwili siyo nusu bei

Wiki iliyopita mteja mmoja alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nitaufupisha: "Fundi, gari yangu ni fupi, milango miwili, halafu sevisi umenichaji sawa na mwenye milango minne. Hapo umenipiga." Kupigwa! Neno hilo likitoka kwa mteja, hapa gereji hatulali vizuri. Na kwa kuwa si wa kwanza kulisema mwaka huu, nimeona nijibu kwa maandishi, ili akija mwingine nimtumie hii nami niendelee na kazi.

Gari lake ni Escudo ya zamani, ile ya injini ya 1.6, G16A. Suzuki walianza na fupi mwaka 1988, ndefu ikafuata 1990 kwa jina la Nomade. Nikifunguliwa boneti za hizo mbili huku bodi zimefunikwa turubai, siwezi kukwambia ipi ni ipi. Mkanda wa taimingi ni uleule, plagi nne kwa nne, giaboksi, transfa (inayogawa nguvu ya injini mbele na nyuma), difu ya mbele na ya nyuma. Shokapu nne kwa zote, sijawahi kuona fupi yenye shokapu mbili. Tofauti iko katikati: kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, fupi ina milimita 2,200 na ndefu 2,480. Ni sentimita 28. Oili haimwagwi kwa sentimita.

Tena zipo kazi ambazo kwenye fupi ni ngumu zaidi, na hizo huwa hatuzitozi zaidi, ila labda tuanze. Mlango wenyewe, kwa mfano. Gari la milango miwili lina mlango mrefu, kwa sababu abiria wa nyuma naye anapitia hapohapo. Mrefu maana yake mzito, na uzito wote unaning'inia kwenye bawaba mbili. Miaka ikienda pini zinaisha, mlango unashuka, mwenye gari anazoea kuunyanyua kwa mkono kila anapofunga. Fundi wa haraka haraka anachukua nyundo, anashusha kile chuma cha kitasa kwenye nguzo ili mlango uingie. Unaingia kweli, elfu tano, kwaheri. Mvua ya kwanza maji yanapita kwa juu, mpira unachanika, zulia linanuka, na siku moja unakuta sakafu chini ya zulia imetoboka kwa kutu.

Sisi tunaweka jeki chini ya mlango, juu ya jeki ubao, juu ya ubao tambara. Kabla ya kulegeza nati tunachora mstari kuzunguka bawaba, ili mlango urudi palepale ulipozaliwa. Pini na bushi tunapeleka kwa mchongaji. Ni kazi ya nusu siku na watu wawili, na ukiitazama kwa nje utasema hakuna kilichofanyika. Ndiyo maana watu wanalalamika bei.

Sasa propela, lile bomba la chuma linalozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu ya injini nyuma. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Propela ya nyuma ya fupi ni fupi kuliko ya ndefu, haziingiliani. Na madukani ya spea za mtumba, Escudo zilizokatwa nyingi ni za milango minne, kwa hiyo propela ya fupi unaisubiri au unainunua kwa bei ya mwenye nayo. Kijana mmoja nilimpa bei, akaona nimemkomoa. Akaenda akapata ya ndefu, akapeleka kwa mchomeleaji, wakakata kipande katikati, wakaunganisha. Akaja nayo hapa imepakwa rangi nyeusi, inang'aa. Nikakataa kuifunga. Akafungiwa kwingine.

Akarudi baada ya kama mwezi. Akifika spidi 70 gari linatetemeka mpaka kioo cha ndani hakionyeshi kitu. Alishafanya wili balansi mara mbili, akabadilisha na tairi za mbele, maana kila aliyemuuliza alimwambia tatizo ni tairi. Tukaingia chini: oili sili ya transfa inavuja, pande zote zimelowa. Tulipofungua transfa, ile oili kidogo iliyobaki ilikuwa nyeusi, inametameta kama rangi ya kucha. Huo ulikuwa unga wa beringi.

Propela tukaitoa tukailaza juu ya vyuma viwili, nikaizungusha polepole kwa mkono huku msaidizi wangu ameshikilia chaki karibu na bomba. Bomba lililonyooka chaki inaligusa pande zote. Hili liligusa upande mmoja tu. Halafu krosi mbili, yaani viungo vinavyojikunja kwenye ncha za propela, ya mbele na ya nyuma, zinatakiwa zikae kwenye mstari mmoja, na mchomeleaji alizipishanisha. Kwa hiyo hata bomba lingenyooka, lingetetemeka tu. Alikuwa ameokoa shilingi 90,000. Transfa ya mtumba na ufundi vilimla zaidi ya mara saba ya hiyo, na propela niliyomtajia mwanzo akainunua vilevile.

Kufupisha propela siyo dhambi, lakini inakatwa kwenye mashine, inanyooshwa, inasawazishwa ikiwa inazunguka. Kama hakuna kusawazisha, usikate.

Huwa naulizwa: basi ninunue ipi? Inategemea nani anakaa nyuma. Dada mmoja mwalimu alichukua fupi kwa kuwa aliona bei nafuu kwenye mtandao wa Japani. (Na muwe makini huko, karatasi zao zinaandika milango mitatu au mitano, mlango wa mizigo unahesabiwa.) Mama yake anaumwa magoti. Kila Jumapili siti ya mbele inakunjwa, inasukumwa, mama anasaidiwa kupanda, siti inarudishwa. Wajukuu nao wanapita hapohapo wakiikanyaga. Reli ya siti ikafa. Fundi mmoja akaichomelea kwenye sakafu. Ikatulia kweli, maana haikusogea tena! Kuanzia hapo watoto wakawa wanaingilia mlango wa nyuma, juu ya mizigo. Nilipoona nilimwambia dada, hili gari likigongwa nyuma hawa watoto wanatokea wapi? Tulikata ile welding, tukatafuta reli ya siti, na safari hii mama anakaa mbele.

Wenye Jimny, ile Suzuki nyingine ndogo, nao wasicheke. Jimny ya milango mitano ilionyeshwa India Januari 2023 na tangu hapo naulizwa kila siku. Injini ni ileile ya 1.5 ya fupi, wakati gari limeongezeka kama kilo mia moja, kwa hiyo mlimani usitegemee maajabu. Ekseli kwa ekseli imetoka milimita 2,250 hadi 2,590. Buti imetoka lita 85, ambayo kusema kweli ni mahali pa kuweka mwavuli, ikafika lita 208. Lakini viti ni vinne kwenye zote mbili. Rudia kusoma hapo. Mzee mmoja alishalipa kianzio akiamini milango mitano ni watu watano. Nilimwonea huruma, na mimi sikuwa nimemuuzia.

Ambacho ndefu imepoteza ni tumbo na kona. Fupi inageuka kwa nusu kipenyo cha mita 4.9, ndefu 5.7, utaiona tofauti siku unageuza kwenye kichochoro cha Unga Limited hapa Arusha lori likikusubiri. Tumbo ni hivi: chukua rula ndefu na fupi, uzivushe juu ya kalamu. Ndefu inagusa mapema. Kwa Jimny, pembe ya tumbo, yaani ukali wa mgongo wa njia ambao gari linauvuka bila kugusa, ni nyuzi 28 kwenye fupi na 24 kwenye ndefu. Njia ya Engaruka kwenda Ngare Sero baada ya mvua ina makorongo ambayo fupi inashuka na kupanda, ndefu inakaa tumbo kama mbuzi juu ya ukuta. Lakini fikeni kwenye lami ya kwenda Babati, au kwenye ile rafurodi iliyojikunja kama bati, fupi inanesa kichwa na mkia mpaka abiria wa nyuma anaomba kushuka. Mimi ningekuwa natoka mjini mara mbili kwa mwaka, ningechukua ndefu bila kufikiri. Kwa mtu wa shamba anayeendesha peke yake, fupi.

Wengine wanataka vyote. Wananunua fupi, wanaweka kerea juu, magunia mawili na tairi ya akiba, halafu wanainyanyua kwa vipande vya chuma juu ya springi. Propela ikiwa fupi, ukinyanyua gari kidogo tu pembe yake inasimama sana, na krosi ndizo zinazolipa. Ukiongeza na mzigo juu, kwenye kona gari linakutafuta. Kazi hiyo tunaifanya, lakini tunakutajia na gharama ya krosi papo hapo, ndipo tunaitwa wezi.

Na lile swali la Arusha nzima: "Mbona Land Cruiser za utalii zinakatwa chasisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, na kurefushwa, na bado zinapiga kazi?" Ni kweli zinarefushwa. Lakini ile ni chasisi nene iliyozaliwa kubeba tani, na wanaofanya hiyo kazi wanaweka propela mpya, mabomba ya breki mapya, waya mpya mpaka taa za nyuma. Chasisi ya Escudo ukiigonga kwa spana unaisikia ilivyo nyembamba. Bei ya kuirefusha vizuri ingekununulia ndefu nzima na chenji ikabaki.

Kwa yule wa ujumbe wa sauti: risiti yako ipo, imeandika oili, filta, plagi na ufundi, kila kitu na bei yake. Njoo nayo Jumamosi asubuhi kabla hatujajaa. Nitakulaza chini ya gari lako na chini ya Nomade iliyopo hapa, uhesabu nati mwenyewe. Ile propela iliyokatwa nayo utaiona, ndiyo tunayozuilia geti upepo ukivuma.