Nilimwandika "hayupo" mara kumi na moja

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na Wakatoliki wenzangu, hasa sisi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo. Mimi ni katibu wa jumuiya mojawapo hapa Kihonda, Morogoro, mwaka wa sita sasa. Daftari la mahudhurio ninaliandika mimi.

Tunasali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba. Tukimaliza rozari, Neno, maombi na matoleo, naita majina. Mwaka jana, kuanzia Julai, kuna mama mmoja mjane, muuza vitumbua, nilimwandika H mara kumi na moja mfululizo. Hayupo. Nilikuwa naita jina lake, nanyamaza kidogo, naandika, naita linalofuata. Kutoka kwake hadi nyumba tunazosalia hazifiki hatua mia mbili.

Jumamosi ya kumi na mbili tukaletewa taarifa ya msiba.

Hapo jumuiya ikaamka. Kufika jioni turubai limeshafungwa, viti vimeshushwa, akina mama wako kwenye mafiga, vijana wameenda kufuatilia jeneza. Kwa siku mbili tulichanga shilingi 640,000. Kwaya ilikuja na sare. Mimi ndiye niliyesoma wasifu wa marehemu, na niliandika humo kwamba alikuwa mwanajumuiya hai.

Siku ya pili baada ya maziko niliingia chumbani kwake kusaidia kufunga vitu. Chuma cha vitumbua kilikuwa kimetundikwa ukutani, buibui ameshatanda utando juu ya vishimo. Kisukari ndicho kilichomlaza, na kidonda cha mguuni kiligoma kufunga. Jirani yake, mama wa Kiislamu waliyepanga naye nyumba moja, ndiye aliyekuwa akimpikia uji na kumwosha kidonda kwa maji ya chumvi. Aliniambia taratibu, bila kunilaumu: "Mama Katibu, Jumamosi alikuwa ananiomba nimfungulie dirisha, awasikie mnavyoimba."

Nilikaa kwenye kile kitanda nikalia. Nikamuuliza kwa nini hakuja kutuambia. Akasema alidhani tunajua, maana ni watu wa kanisa moja. Bodaboda na kusafishiwa kidonda ilikuwa kama shilingi 10,000 kwa safari moja. Alikwenda mara mbili, pesa ikaisha. Zile 640,000 tulizompa akiwa ndani ya jeneza zilikuwa safari 64.

Mwaka 1976 maaskofu wa nchi za AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi waliamua kwamba kujenga jumuiya hizi kuwe kipaumbele cha kichungaji katika nchi zetu. Miaka mitatu kabla ya hapo walikuwa wameshasema kwamba maisha ya Kanisa yajengwe pale watu wanapoishi na kufanya kazi. Haya tulifundishwa kwenye semina ya viongozi na ninayaamini kabisa. Anapoishi muuza vitumbua ni kwenye chumba kimoja cha kupanga, na kazi yake iko barazani alfajiri. Huko hatukwenda. Tena Matendo ya Mitume sura ya 6 tunaisoma kila mwaka: manung'uniko yalizuka kwa sababu wajane walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Ya kila siku, ndugu zangu. Mitume wakaitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba kwa ajili ya jambo hilo tu.

Parokiani kwetu kila robo mwaka tunajaza fomu ya taarifa ya jumuiya. Inauliza familia ngapi zimelipa zaka, michango ya ujenzi imefikia wapi, wastani wa mahudhurio ni wangapi. Haiulizi tumewaona wagonjwa wangapi. Sidai zaka ifutwe, mimi mwenyewe nalipa. Naomba fomu iongezwe mstari mmoja. Na naomba tuache kusoma mbele ya watu majina ya wasiomaliza michango, kwa sababu nimeshagundua wengi wanaoandikwa H wanakimbia hilo. Kuna kijana pikipiki yake ilichukuliwa na mwenye nayo, akakosa mchango wa miezi miwili, akaona heri abaki kitandani Jumamosi nzima kuliko kusikia jina lake. Tulimkuta na mke ana mimba ya miezi minane na ndani hamna unga.

Tulimkuta kwa sababu tangu Kwaresima tumebadilisha utaratibu. Nikiita jina na mtu hayupo, siendelei. Nauliza, "Nani amemwona?" Kama hakuna, wanatajwa wawili papo hapo waende kabla ya Jumatano, na mwenyekiti anawapigia simu siku hiyo kuulizia. Matoleo ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi hayaendi popote, yanabaki kwa mhasibu kwa ajili ya nauli za hospitali na dawa. Ni fedha kidogo, mara nyingi haifiki 30,000. Mwanzoni wapo walionuna kwamba sala inachukua muda mrefu, wana biashara za kufungua. Ni kweli inachukua muda. Jumamosi iliyopita tulitoka karibu saa mbili.

Yule mama wa Kiislamu sasa ana namba yangu ya simu. Mwezi uliopita alinipigia usiku kuhusu mzee wetu mmoja wa mtaa wa pili, na tulifika kwa wakati.

Daftari jipya nimelipiga mistari kwa rula. Baada ya safu ya mahudhurio kuna safu nyingine nimeiandika "Aliyemwona". Wiki hii walikosekana watatu. Wawili wameshaonwa. Wa tatu ni zamu yangu, na nikimaliza barua hii ndiko ninakokwenda.

Katibu wa jumuiya,
Kihonda, Morogoro